Mkono wa Rosette

Mapendo hakuja kugombana. Angekuja kugombana, Maman Virginie angejua la kufanya, maana kwa maneno hakuna aliyemweza mtaa mzima wa Kasha. Mapendo, mwenye kibanda cha chai pale barabarani, alikuja na bidon, dumu lake la njano, akaitua taratibu kizingitini mbele ya wanawake wawili waliokuwa wakingoja maziwa, kisha akasema kwa adabu inayouma kuliko tusi:

"Maman, pardon. Mashanza ya leo tena iko maji. Bateja wangu banalalamika. Nitakamata kwanza kwa mutu mwingine, mpaka yako itapona."

Itapona! Kana kwamba maziwa ya Virginie yalikuwa mgonjwa wa kutembelewa na machungwa. Alifungua bidon, akanusa. Ndani mlikuwa na maji meupe yenye chembechembe zilizotuama chini, wakati miaka yote watu walitoka hata mtaa wa Ibanda kufuata mashanza yake, maziwa ya kugandisha ambayo kijiko kilisimama ndani yake bila kushikwa. Wanawake wawili walitazamana, mmoja akakumbuka ghafla kwamba alikuwa ameacha chungu motoni. Virginie aliona aibu, aibu ya kuchemsha masikio, na aibu ya namna hiyo haikai bila kutafuta pa kwenda. Akageuka, macho yake yakamwangukia Rosette.

Rosette, mke wa mwanawe Didier, alikuwa amechuchumaa uani akisuuza mitungi ya plastiki. Alikuwa ameolewa kiangazi kile kile, msichana wa Luvungi mwenye shahada ya biolojia ambayo bado haijampatia kazi, mcheshi, mrefu, na mwenye kushika vyombo kwa uangalifu kama anayeshika mtoto wa watu. Kabla hajaja, maziwa yaliganda. Tangu aje, hayagandi. Hesabu hiyo Virginie alikuwa ameshaifanya kichwani siku nyingi, na jibu lake lilikuwa limempendeza.

"Munaona ile mukono?" alisema, na hakusema kwa kunong'ona. "Kuko mikono ya kugandisha maziwa, kuko mikono ya kuiua. Tangu ile iingie mu mitungi yangu, nyumba yangu inakunywa maji. Kwa mama yangu, kule Kabare, mukono ya vile haikuweza kugusa hata kikombe!"

Barabara ilisikia. Mapendo aliinamisha uso, na yule mwanamke mwingine akainua wake ili asikose kitu. Rosette aliacha kusuuza. Alisimama, akajifuta mikono kwenye kitenge, akamsogelea mama mkwe wake.

"Maman, ile ya kuharibika musiimwange," alisema kwa sauti ya chini. "Nawaomba."

Virginie aliichukua ile bidon akaenda nayo nyuma ya nyumba. Ilikuwa sheria aliyoirithi: maziwa yaliyokataa humwagwa siku hiyo hiyo, ukiwa umeyapa mgongo, jicho la mtu lisiyaone. Akayamwaga yote, mpaka tone la mwisho.

*

Wakati wa chakula alitoa hukumu yake. Alingoja kwanza kila mtu apate ugali wake, kwa sababu hakuwa mtu wa kunyima watu chakula.

"Jumapili Papa Patrice atakuja hapa. Nimeisha mupigia simu. Atakuja tuongee."

Papa Patrice ni baba yake Rosette, mkulima wa mpunga. Wote mezani walijua maana ya kumwita baba wa mke "kuongea" kabla hata ndoa haijamaliza mwaka. Maana yake ni: njoo umchukue mtoto wako. Apollinaire, mumewe Virginie, mwalimu mstaafu aliyekuwa bingwa wa kutunza amani kwa kukaa kimya, alitazama sahani yake kama mtahini anayetazama karatasi tupu.

"Mama," alisema Didier, "bibi yangu, Rosette, haiko chumvi mpaka maziwa iikatae."

"Weye unajua nini juu ya maziwa? Unajua moteri tu."

Didier alikuwa fundi wa pikipiki, na kweli alijua moteri tu. Akarudia ugali wake. Unyonge wake ulimkera hata mama yake, ingawa ni yeye aliyekuwa ameusababisha.

Rosette hakulia. Hilo Virginie alilingojea kwa hamu kidogo, tuseme ukweli, lakini halikuja.

"Muniachie mpaka ile Jumapili," alisema Rosette. "Muniachie mutungi moja ya maziwa ya kuharibika, isimwangwe. Nitaitengeneza miye, na hii mukono yangu. Kama haitaganda mbele ya papa yangu, hakuna mutu atanifukuza. Nitafunga vitu yangu mwenyewe."

"Na ikiganda?" Apollinaire aliuliza. Alikuwa ameinua uso.

"Ikiganda, tutaongea," Rosette akajibu.

Virginie alicheka. Maziwa yaliyokufa kufufuka! Alikubali papo hapo, kwa raha ya mtu anayejua atashinda. Usiku ule alilala vizuri kuliko siku zote za nyuma.

*

Maziwa ya siku iliyofuata yaliharibika vilevile, na mtungi mmoja ukawekwa kando, umefunikwa sahani. Virginie alipitia pale mara kwa mara akielekea mahali ambapo hakuwa na shughuli. Kuona maziwa mabovu yamekaa nyumbani mwake kama mgeni wa heshima kulimkosesha raha. Mwishowe alichukua ungo wa maharage, akaketi jikoni, akaanza kuchambua. Rosette alikuwa akichochea makala, makaa ya jikoni.

"Sasa unangojea nini mule?" Virginie aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nangojea zenye zilibaki, maman."

"Zenye zilibaki nini?"

"Bakteria. Njo zenye zinagandisha maziwa. Mu mutungi moja ziko nyingi kuliko batu ba dunia nzima. Sasa kuko virusi. Haiko virusi ya batu, ni ya bakteria tu. Inashika ku mwili ya bakteria, inaingiza mule ndani uzi yake, yenye kubeba maandishi ya kuizaa, na bakteria inaanza kuzaa virusi mpaka inapasuka. Mukono yangu haina kitu, maman. Ni ile virusi njo inakula maziwa yenu."

"Na mbona zamani haikukula?"

Rosette alisita. Alijua jibu, na alijua pia kwamba jibu lingeuma.

"Zamani mulikuwa na mbegu ya mama yenu," alisema polepole. "Mule mulikuwa bakteria za kila namna. Moja ikikufa, ingine inagandisha. Halafu bale ba projet balileta sachet, mbegu ya unga mu pakiti. Sachet inagandisha mbio, ni kweli. Lakini ndani zote ni moja, kama mapacha. Virusi ikijua kuua moja, inajua kuua zote. Munamwanga, munasafisha, munafungua sachet ingine, na zenye zinatoka mule hazijamuona huyo adui hata siku moja."

Virginie alitupa jiwe dogo la maharage nje ya mlango, kwa nguvu isiyo ya lazima. Mbegu ya mama yake aliiacha ife mwenyewe kwenye kibuyu, mwaka ule wa semina ya projet, kwa sababu sachet iliokoa muda na ilikuwa na picha nzuri ya ng'ombe.

"Kwa hiyo zimekufa zote. Unangojea maiti."

"Hapana. Kati ya nyingi sana, kidogo tu zinabaki. Na zenye zinabaki zinakuwa na akili." Rosette alisogeza kigoda chake. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Virginie aligundua kwamba hajawahi kumwona binti huyu akizungumzia kitu anachokijua. "Ziko na protéine za kulinda."

"Protéine ni hii," Virginie alisema, akitikisa ungo wa maharage. "Balitufundisha ku centre de santé, kule kwa kupima batoto."

"Njo ile ile, maman. Lakini mu kila kitu kizima, protéine iko mufanyakazi. Na kazi yake inatoka mu umbo yake. Muangalie kisu na kijiko. Chuma ni moja. Mbona moja inakata na ingine inachota?"

"Juu ya vile baliikunja."

"Eeh! Protéine nayo ni uzi mwingine, mrefu, wenye kujikunja. Ikijikunja hivi, inashika. Ikijikunja vile, inakata. Sasa bakteria yenye ilipona, mule ndani kuko protéine mbili zinatembea pamoja, Cas moja na Cas mbili. Zinashikana, zinafanya kitu kama koleo. Zikikuta uzi ya virusi, zinakamata kipande, zinaipima urefu, zinaipanga mu uzi ya bakteria mwenyewe, pahali pamoja na vipande vya maadui ba zamani. Inabaki mule. Bakteria ikizaa, batoto banazaliwa nayo."

Virginie alikuwa ameacha kuchambua. Mkono wake ulikuwa juu ya ungo, umetulia.

"Halafu?"

"Halafu kuko mukubwa wao, Cas neuf, ile ya tisa." Rosette alinyoosha mkono wake wa kulia, akaukunja nusu, kama anayekinga maji. "Iko hivi. Katikati kuko mufereji. Bakteria inanakili kile kipande cha adui, inakilaza hapa, mu mufereji. Cas neuf inakamata ile nakala, inazunguka nayo. Ikikuta uzi yenye inafanana, inaufungua, inalinganisha herufi kwa herufi. Yote ikienda sawa, iko na meno mbili. Moja inakata upande huu, ingine upande ule. Uzi ya virusi inakatika, kazi inaisha."

Virginie aliutazama ule mkono. Ulikuwa na alama ya moto wa makala kwenye kidole gumba na kucha zilizokatwa fupi sana. Alikuwa ameusema vibaya mbele ya barabara nzima na hakuwa ameutazama hata mara moja.

Lakini hakuwa mtu wa kuachia swali likapita.

"Ngoja. Umesema kipande cha adui kiko mu uzi ya bakteria mwenyewe. Sasa huyo Cas neuf, akizunguka na nakala yake, si atakikuta pale pale nyumbani? Mbona hajikate mwenyewe?"

Rosette alipiga makofi kwa furaha mpaka paka akakimbia.

"Maman! Hiyo swali, mu auditoire yetu, kule université, mwalimu aliiuliza, hakuna mutu alijibu. Niwaulize: mutu wa nje akiwaletea maziwa, munaanza na nini?"

"Nanusa mufuniko."

"Mufuniko haina harufu ya maziwa, munafungua?"

"Nifungue kwa nini? Anidanganye na maji yake?"

"Na maziwa yenye imelala mu mutungi yenu, munanusa mufuniko?"

"Ile ni yangu. Mutungi yangu haina hata mufuniko, iko na sahani."

"Basi. Cas neuf naye ni vile. Haanze kwa kusoma. Anatafuta kwanza alama kidogo, kando ya pahali pa kukata. Uzi ya virusi iko nayo. Kile kipande chenye kiliwekwa nyumbani hakikuja na ile alama. Cas neuf anapapita, haoni alama, hafungui."

Jambo hilo lilikuwa limemwingia Virginie na likakaa. Kwamba ndani ya maziwa, aliyoyashika tangu utotoni, kulikuwa na kitu kinachonusa mfuniko kwanza kama yeye! Alijisikia fahari, kisha akajikasirikia kwa kujisikia fahari, maana ubishi wao ulikuwa haujaisha.

"Maneno ni mengi," alisema, akarudia maharage yake. "Tutaona maziwa."

*

Kufikia Jumamosi ule mtungi mbovu ulikuwa umekuwa mzito kama uji mwepesi. Rosette alichota vijiko viwili, akavitia kwenye maziwa mapya yaliyochemshwa na kupoa kiasi. Kisha akafanya jambo lililomfanya Virginie ashike mlango. Alichukua kikombe cha maji ya maziwa yaliyoharibika siku hiyo, akayamimina humo humo, juu ya maziwa mazuri.

"Rosette! Unaitia sumu!"

"Naitia adui, maman. Zenye hazimujue zikufe leo. Nataka zenye zinamujua tu."

Yaliganda, lakini legelege, ya kutikisika. Apollinaire alionja kwa ncha ya kijiko akasema yamepata nusu ya alama. Jumapili alfajiri Rosette alipanda tena: maziwa mapya, mbegu kutoka mtungi wa jana, na adui wake juu. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, kwa hiyo aliuweka mtungi ndani ya sufuria ya maji ya moto kando ya makala, akaufunika kwa sahani. Alitaka kubaki kuulinda. Didier alikataa. Kwa mara ya kwanza alisema kama mume: wataenda misa pamoja, kwa mguu, katikati ya barabara, watu waone kwamba mke wake hajifichi. Wakaenda, Apollinaire nyuma yao na koti lake la shule.

Virginie alibaki kupikia wageni. Alikaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, akasonga ugali, akatwanga sombe ya majani ya muhogo. Alikuwa amejiapiza kutogusa kile chombo. Lakini jiko lilikuwa lake, na alipopita kwa mara nyingine aliona kwamba makala yalikuwa yamekuwa majivu. Rosette alijua habari za koleo na mifereji, ila hakujua kwamba makala ya bei rahisi yanadanganya: yanawaka vizuri mwanzoni na kuzima bila kuaga. Virginie aliweka kifundo cha mkono ubavuni mwa mtungi, kama mama yake alivyomfundisha. Ulikuwa unapoa.

Alisimama pale. Hakuhitaji kufanya kitu chochote. Hakuna mtu ambaye angeweza kumlaumu. Maziwa yangelala baridi, yangebaki maji, Papa Patrice angefika, na neno la Virginie lingekuwa limesimama mtaani kama lilivyotamkwa. Ambacho kingeharibika ni maziwa tu. Na msichana.

Alirudi kwenye sambaza zake. Akazigeuza upande mmoja, akaziacha. Akilini alimwona Rosette akifunga godoro. Aliona pia, na hili ndilo lililomshinda kabisa, wale vijidudu wachache waliopona, wamebeba kipande cha adui wao, wamejipanga kufanya kazi, halafu wanakufa kwa baridi jikoni kwa Virginie binti wa Kabare. Haikuwezekana. Aliapa kwa sauti kwa jina la mama yake, akaziacha sambaza ziungue.

Alichochea moto mpya. Alibadilisha maji, akapima kwa kifundo cha mkono, akapunguza, akapima tena. Kisha akaingia chumbani, akatoa kitenge kizito alichopewa na familia ya Rosette siku ya mahari, ambacho hajakivaa bado, akauzungushia mtungi mara mbili na kuufunga kwa fundo.

Rosette aliporudi kutoka misa alikimbilia jikoni hata bila kuvua viatu. Aliona moto mpya. Aliona kitenge. Alimtazama mama mkwe wake, aliyekuwa akikwangua sambaza zilizoungua kwa bidii kubwa.

"Usisimame pale," alisema Virginie. "Chukua ungo."

*

Papa Patrice alifika na mdogo wake katika kamyoneti ya kukodi, tupu nyuma. Utupu huo ulionekana na kila jirani, maana ulikuwa nafasi ya godoro na masufuria. Alikuwa mzee mkavu, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri mno. Aliketi ukingoni mwa kiti, kama mtu asiyetaka kuzoea nyumba. Alisema kwamba binti yake alilelewa kwa heshima, na kwamba kama kuna kosa, alisikie kwa masikio yake. Alisema hayo akinyoosha shati ambalo halikuwa na mkunjo, na Virginie akajisikia vibaya sana.

Mtungi uliletwa mezani. Rosette alifungua fundo, akaondoa sahani. Juu palikuwa laini, peupe, bila ufa. Alichukua kijiko akakichomeka katikati, akakiachia. Kilisimama.

Apollinaire alisema "Ah!" kama mwalimu aliyepata jibu kutoka dawati la nyuma. Didier alimshika mkewe bega. Virginie alichukua vikombe mwenyewe, akamhudumia Papa Patrice kwanza, kwa mikono miwili, goti limekunjwa. Mzee alikunywa hadi nusu, akafuta masharubu.

"Mashanza iko muzuri," alisema. "Sasa mutuambie shida."

Kila mtu alimtazama Virginie. Angeweza kusema mengi. Mdomo huo haukuwahi kukosa cha kusema.

"Shida ni miye," alisema. "Mbegu ya mama yangu niliiacha ikufe, sababu ya sachet. Maziwa ikakufa, na nikatafuta wa kumubebesha. Nikakuta mutoto yenu. Papa Patrice, nilikosa. Munisamehe."

Mzee aliinamisha kichwa, akasamehe, na mdogo wake akaanza kupumua. Jambo lingeishia hapo kwa nyumba nyingi. Lakini Rosette alikuwa bado amesimama.

"Aksanti, maman. Nawapenda, na nataka kubaki," alisema. "Lakini hapa ndani hakuna mutu alisikia mukinisema. Mulinisema ku barabara."

Didier alimtazama mkewe kana kwamba amevunja sahani. Mkamwana kumwambia mama mkwe vile, mbele ya wageni! Hasira ilimpanda Virginie mpaka kooni. Ilikaa pale, ikatafuta pa kushika, ikakosa. Msichana alikuwa amesema kweli, na Virginie aliijua kweli kama alivyojua maziwa, kwa harufu.

Alikaza kitenge kiunoni. Akafungua mlango wa mbele, wote mpaka mwisho, akatoka. Watu walikuwa wengi barabarani, wamevalia nguo za Jumapili, baadhi wamesimama karibu na kamyoneti wakingoja kuona godoro. Mapendo alikuwa kibandani kwake na birika mkononi.

"Mapendo!" Virginie aliita. "Na bengine bote, musikie! Nilisema mukono ya bibi ya Didier inaua maziwa. Nilisema uongo! Maziwa yenye iko mu nyumba yangu leo ni yeye aliiponesha, na kosa ilikuwa yangu!"

Mtu mmoja alicheka. Mwingine alimwambia anyamaze. Rosette alikuwa ametoka, amesimama mlangoni pamoja na baba yake, na alikuwa analia sasa, bila kujificha. Virginie hakugeuka. Alipiga hatua mbili mpaka ukingoni mwa barabara, pale kilima kinapoanza kuteremka, akavuta pumzi, akayasema yote upya kwa sauti kubwa zaidi, kwa ajili ya wale wa nyumba za chini ambao huenda hawakusikia.